UZI: Mpwa wangu ameniuliza kama Kisumu inaweza kubeba ghorofa mia. Nimekaa na swali hilo wiki nzima

#1 Foromani_wa_Winam

Wadau, salamu kutoka Kisumu.

Jumapili nilikuwa Dunga na mpwa wangu wa gredi ya saba. Tukisubiri samaki akaangwe, akanionyesha kwenye simu picha ya Burj Khalifa, lile jengo refu la Dubai, mita 828, kisha akatazama ziwa na kuniuliza: "Mjomba, hiki kitu kikijengwa hapa kitasimama au kitazama?"

Niko kwenye mjengo mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nilianza nikibeba karai, nikawa fundi wa vyuma, leo ni foromani. Ghorofa ndefu kuliko zote nilizosimamia ni saba. Nikamwambia anipe wiki moja, maana sikutaka kumjibu mtoto kwa kubahatisha. Nimesoma, nimempigia mhandisi niliyefanya naye kazi zamani akanieleza usiku mpaka salio likaisha, na sasa nayaleta hapa kwa sababu yamenigusa kuliko nilivyotarajia.

Jambo la kwanza lililonisimamisha: majengo marefu hayakuzaliwa juu ya mwamba. Yalizaliwa Chicago, mji wa ziwani kama wetu, uliokaa juu ya udongo wa mfinyanzi mlaini, mwamba ukiwa mbali huko chini. Kwa hiyo mtu akikuambia Kisumu haiwezi kupanda juu kwa sababu ya udongo, mwambie walioanza kazi hii walianza na udongo mbaya.

Pale Chicago kuna jengo linaitwa Monadnock, la mwaka 1891, ghorofa 16. Upande wake wa zamani umebebwa na kuta za matofali, na ukuta wa chini kabisa una unene wa mita 1.8 hivi. Fikiria duka la barabarani ambalo ukuta wake mmoja ni mpana kuliko kitanda. Kila ghorofa unayoongeza juu inadai ukuta mnene zaidi chini, hadi chumba cha chini kinaliwa chote. Na uzito huo ulilifanya jengo lizame karibu nusu mita kadiri miaka ilivyokwenda. Bado limesimama, kwa sababu lilizama pamoja. Jengo likizama kwa usawa unaongeza ngazi mlangoni. Likizama upande mmoja, linapasuka.

Katika mji huohuo, mwaka 1885, mhandisi William Le Baron Jenney alikuwa amekwisha kumaliza jengo la Home Insurance, ghorofa 10, ambalo uzito wake mwingi ulibebwa na fremu ya chuma. Ukuta ukageuka kuwa nguo. Ninyi mnaopita Kondele kila siku mnaona kitu hicho bila kukitambua: tunasimamisha nguzo na slebu (sakafu za zege) kwanza, mawe yanajazwa baadaye. Mawe ya katikati unaweza kuyabomoa ukaweka dirisha, na jengo lisijue. Nguzo moja ukiichokora ili bomba lipite, umegusa mfupa.

Lifti nayo. Kabla yake ghorofa za juu zilikuwa za maskini, maana nani anataka kupanda ngazi mara kumi kwa siku? Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inia mbele ya umati huko New York mwaka 1854, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu likashikwa. Alikuwa ameweka springi inayovutwa na kamba yenyewe. Kamba ikikatika springi inajinyoosha na kung'ata meno ya reli za pembeni. Lifti zilipoenea, ghorofa ya juu ikawa ndiyo yenye kodi kubwa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni msingi. Kuanzia miaka ya 1890, wajenzi wa Chicago walichoka na majengo yanayozama, wakaanza kuchimba visima. Kwa mikono! Mtu anashuka na sururu na ndoo, anachimba kiasi cha kimo chake, anazungushia mbao zilizobanwa kwa pete za chuma ili udongo usimfukie, kisha anaendelea chini mpaka akute tabaka gumu. Halafu kisima kinajazwa zege na kuwa nguzo iliyozikwa. Nilipolisoma hilo niliwaza vijana wanaotuchimbia visima na vyoo Nyalenda na Manyatta, wanaoshuka mita kumi na tano wakiwa na kamba na mshumaa. Majengo makubwa ya dunia yalisimama juu ya kazi ya watu kama hao.

Nitaendelea kesho. Wenye ujuzi nisahihisheni.

#2 Fundi_Shinyalu

Foromani wangu, umenikumbusha baba yangu, alikuwa mchimba visima. Asante sana.

Swali: udongo wetu mweusi wa bonde la Kano, ule wa pamba, si ni mbaya zaidi ya huo wa Chicago?

#3 Foromani_wa_Winam

Ni mbaya kwa namna nyingine, ndugu. Mfinyanzi mlaini unakaa chini ya uzito kama mtu aliyekalia godoro. Udongo mweusi wa pamba unapumua: mvua ikija unanyonya maji na kufura, kiangazi unakauka na kupasuka hadi mkono unaingia ufani. Nyumba nyepesi iliyowekwa juu yake inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, pembe moja ikitangulia, ndiyo maana nyufa za ngazi zinaonekana juu ya madirisha ya nyumba mpya kabisa.

Kwa jengo refu, shida hiyo inakuwa ndogo, jambo ambalo sikulitarajia. Mwenye jengo refu hawezi kukaa juu ya udongo huo hata akitaka, lazima aupite. Anaushusha msingi mpaka tabaka ambalo maji ya mvua hayalibadilishi. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu ndiye anayeona uchungu wa kuchimba mita mbili, na ndiye anayeumia.

Burj Khalifa nayo haijakaa kwenye mwamba mgumu kama wengi wanavyodhani. Chini yake kuna mawe dhaifu. Walitoboa mashimo karibu 200, kila moja upana wa mita 1.5 na kina cha zaidi ya mita 40, wakayajaza zege, na juu yake wakamwaga jamvi la zege lenye unene wa mita 3.7. Nguzo zile zinashikwa na msuguano wa ubavu wake na ardhi. Jaribu kuchomoa mti wa ua uliozamishwa mita moja kwenye udongo mkavu, utaelewa.

#4 Ufa_wa_Menengai

Mzee Foromani, niko Nakuru, naomba nichangie kwa sababu kwetu habari ni tofauti.

Ninyi mna udongo, sisi tuna Bonde la Ufa lenyewe. Mji wetu umekaa kwenye majivu ya volkano, mepesi na yanayosafirishwa na maji. Upande wa magharibi wa mji mvua kubwa zikinyesha ardhi hufunguka, shimo linatokea pale ambapo jana ulipita na baiskeli. Maji yanapenya kwenye nyufa za zamani, yanahamisha majivu chini kwa chini, na siku moja paa la pango linaporomoka. Toboa shimo moja la kupima udongo kwenye kiwanja, utaambiwa ni salama. Toboa la pili mita ishirini kando, ukute utupu.

Kisha kuna tetemeko. Tarehe 6 Januari 1928, Subukia, si mbali nasi, ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.9 na ardhi ikapasuka juu kwa juu. Wakati huo majengo ya ghorofa yalikuwa machache. Leo Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021 na kila mwenye kiwanja anawaza kwenda juu.

Tetemeko haliangushi jengo kwa uzito, linalisukuma kwa pembeni kutoka miguuni. Katika hilo sisi mafundi wa vyuma tuna sehemu kubwa. Zile ringi zinazozunguka vyuma vya nguzo, wengi wanazipanua nafasi ili kuokoa waya na muda. Ringi ndizo zinazofunga nguzo isipasuke tumbo pale inapoinama. Ziwe za karibukaribu hasa pale nguzo inapokutana na boriti, na ncha zake zikunjwe ziingie ndani ya zege, zisiachwe zimekaa juujuu. Ramani ikisema sentimita 10, ni sentimita 10. Nimeona mijengo ambayo ringi zimekaa umbali wa sentimita 30 na mwenye nyumba anashukuru kwa kuokolewa pesa.

#5 Msomi_wa_Kakamega

Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa nne, uhandisi wa ujenzi, hapa Kakamega. Mzee Foromani ametoka chini, naomba niende juu kidogo, maana swali la mpwa wake lina nusu ya pili.

Jengo la ghorofa sita, adui wake ni uzito. Likipita ghorofa thelathini hivi, adui mkubwa anakuwa upepo. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, msukumo wake unaongezeka mara nne. Na jengo lenyewe ni kama mlingoti uliochomekwa ardhini: kadiri unavyorefuka, upepo unapata mkono mrefu wa kulipindua. Mvuvi wa mashua ya tanga anajua. Mlingoti mrefu bila kamba za pembeni hauvuki ghuba.

Aliyefungua njia hapa ni Fazlur Rahman Khan, aliyezaliwa Dhaka mwaka 1929 na kufanya kazi Chicago. Zamani walijaza nguzo nzito kila mahali ndani. Yeye akasema peleka nguvu nje, nguzo za ukingoni zikaribiane na zifungwe kwa boriti imara, jengo lote liwe bomba. Bua la mpunga ni tupu katikati na bado linasimama na kichwa chake kizito. John Hancock Center, ghorofa 100, 1969, limefungwa kwa misalaba mikubwa ya chuma inayoonekana hadi leo. Sears Tower, mita 442, ni mabomba tisa yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa miwa, mengine yanaishia njiani na mawili yanafika juu kabisa.

Upepo una hila nyingine. Ukipita ubavuni mwa jengo unajikunja na kuachia mizunguko, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mizunguko ikiangukia kwenye mdundo wa jengo lenyewe, jengo linayumba zaidi na zaidi, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kwa wakati ufaao. Burj Khalifa inabadilisha umbo kila inapopanda kwa ajili hiyo, upepo usipate mdundo mmoja wa kushika. Jengo la Taipei 101 huko Taiwan wakaning'iniza tufe la chuma la tani 660 karibu na kilele. Jengo likienda kushoto, tufe linachelewa na kulivuta nyuma.

Kuna kisa kimoja nakibeba moyoni. Citicorp Center ya New York, ghorofa 59, ilikamilika mwaka 1977. Imesimama juu ya miguu minne iliyowekwa katikati ya pande badala ya kwenye kona. Mwaka 1978, baada ya swali la mwanafunzi wa uhandisi kuhusu jengo hilo, mhandisi wake William LeMessurier alirudia hesabu za upepo unaokuja kwa pembe. Akagundua pia kwamba viungo vilivyopangwa kuchomelewa vilifungwa kwa bolti ili kupunguza gharama. Jengo lilikuwa limejaa watu, na msimu wa vimbunga unakaribia. Akajitokeza akasema. Wachomeleaji waliingia usiku baada ya usiku wakaviimarisha viungo. Umma ulikuja kuelezwa habari nzima mwaka 1995.

Mimi ni mwanafunzi. Sitaki kusahau kwamba swali la mwanafunzi lilikuwa na uzito.

#6 Foromani_wa_Winam

Mwanangu, Mungu akukuze kwenye kazi hii. Mambo ya bolti na kuchomelea yamenifanya niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia hosteli ya ghorofa tano, upande wa magharibi huku. Tulimwaga nguzo za chini, tukachukua vipande vya majaribio vya sentimita 15 kila upande kama inavyotakiwa, vya kupimwa nguvu siku ya 7 na siku ya 28. Vya siku saba vilitoka chini kidogo. Zege la kawaida kwa siku hizo huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu zake. Tukajiambia litakaza. Mwenye mradi alikuwa na tarehe ya wanafunzi kufungua, tukaendelea. Ya siku 28 yalipokuja yalikuwa mabaya, na juu ya nguzo zile tayari slebu mbili zilikuwa zimemwagwa.

Nilijua sababu. Siku ile jua lilikuwa kali, zege likawa zito kusukuma, na mtu akaongeza maji kwa ndoo. Nilimwona. Sikusimamisha kazi.

Nililala siku tatu bila usingizi, kisha nikampelekea mhandisi karatasi mkononi. Tuliweka miti ya kushikilia kila mahali, tukazichokora nguzo zile kumi na moja, tukazivisha koti la vyuma na zege jipya. Ilichukua wiki tano. Mwenye mradi alinichukia, na hakunipa kazi tena. Wanafunzi wanalala pale leo.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, mvua ikinyesha, likaua watu takriban 50. Niliangalia picha zile nikaziona nguzo zangu kumi na moja.

#7 Fundi_Shinyalu

Foromani, pole. Na asante kwa kusema.

Kuhusu maji naomba vijana wasome hapa. Mfuko wa simiti wa kilo 50 unataka lita 25 hivi, ukihesabu na maji yaliyomo kwenye mchanga uliolowa. Ukifika lita 35 zege linateleza vizuri, mkono unafurahi, na nguvu imepotea, kwa sababu maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu. Zege likiwa zito tumia vaibreta, mashine ya kulitikisa likae, usitumie ndoo. Na biskuti za zege wekeni chini ya vyuma kila mahali, chuma kisikae juu ya mbao. Chuma kikionekana nje kinashika kutu, kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Halafu mwagilieni maji juu ya slebu siku saba kwa uchache. Huko Dubai wakati wa joto walikuwa wanamwaga zege usiku na kuchanganya na barafu, kwa sababu zege likikauka haraka au likichemka tumboni linapasuka. Sisi tunashindwa kuweka magunia yaliyolowa.

#8 Mama_Nyamasaria

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina kiwanja hapa Nyamasaria, nataka kuweka nyumba za kupangisha ghorofa tano kwa kiinua mgongo changu. Aliyenichorea ramani ameniambia kupima udongo ni kupoteza pesa, jirani hakupima na nyumba yake imesimama. Ghorofa mia zenu siziwezi. Nataka kujua kuhusu tano zangu.

#9 Foromani_wa_Winam

Shikamoo mwalimu. Tafadhali usimwage hata karai moja kabla ya kupima. Nyumba ya jirani imesimama miaka mingapi, na imepita misimu mingapi ya mvua kubwa? Na je, ana ghorofa ngapi?

Kwa ghorofa tano, kuchimba mashimo mawili au matatu ya kuangalia tu, kwa mkono, ni kazi ya siku mbili. Tunaangalia weusi unaishia wapi na maji yanaonekana wapi. Kisha mtaalamu wa udongo anachukua sampuli kwenye maabara na mhandisi aliyesajiliwa anachora msingi kwa matokeo hayo. Mradi nao unasajiliwa kwa mamlaka ya ujenzi ya kitaifa na ramani ipitishwe na kaunti. Ukiona gharama, igawanye kwa wapangaji watakaolala humo.

Na ninyi mlioniuliza jibu nililompa mpwa wangu: nimemwambia ndiyo, lingesimama. Udongo tungeupita, upepo wa ziwa tungeuhesabu, na watu wa usafiri wa anga wangetuuliza kuhusu kimo kwa sababu ya uwanja wa ndege. Kinachozuia ni hesabu nyingine. Kila unapopanda, lifti zinaongezeka na kula nafasi ya kupangisha. Maji hayapandi yenyewe, kila mita kumi inadai msukumo zaidi, kwa hiyo unaweka matangi na pampu njiani. Ngazi za zimamoto hazifiki juu, basi jengo lazima lijizimie lenyewe na liwe na ngazi zisizoingia moshi. Hata Nairobi, KICC, jengo la mikutano lililochorwa na David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik, la mwaka 1973, lina mita 105 tu, na Britam Tower ya 2017 inafika 200. Mtu hupanda juu pale ardhi inapokuwa ghali kuliko gharama hizo zote. Kisumu bado ina nafasi ya kwenda pembeni.

Akaniuliza, "Basi mjomba, wewe utajenga nini?"

#10 Mama_Nyamasaria

Marahaba mwanangu. Vijana wamechimba shimo la kwanza tangu jana. Mita moja na nusu, bado ni nyeusi tii na inang'ang'ania jembe. Niwaambie waache?

#11 Foromani_wa_Winam

Waendelee, mwalimu. Lakini wakivuka kimo cha mtu wabane kuta kwa mbao kwanza, na asishuke mtu mmoja bila mwenzake juu.

#12 Mama_Nyamasaria

Mita mbili na sentimita sitini. Rangi imebadilika, sasa ni nyekundu yenye changarawe, na sururu inarudi nyuma. Hakuna maji bado.

#13 Foromani_wa_Winam

Wasimamishe hapo na wafunike shimo, mvua isiingie. Jumamosi asubuhi nakuja na mtu wa maabara. Mpwa wangu anakuja pia, ameomba yeye ndiye ashike kamba ya kupimia.